Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Bado Nzima, Mbona Naambiwa Imezeeka?

Barua zilizotufikia safari hii zina kilio kinachofanana. Kompyuta inawaka, kibodi haijabanduka hata herufi moja, betri bado inashika chaji, lakini mwenye nayo anaambiwa kwamba wakati wake umekwisha. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake mna hatari ambayo watu wengi wanaichukulia kama usumbufu tu.

Swali: Ndugu mhariri, pokea salamu zangu. Natunza hesabu za kikundi chetu kwa kompyuta mpakato niliyoinunua mwaka 2016. Ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha sita, RAM ya GB 8, na inatumia Windows 10. Tangu Oktoba 2025 naletewa ujumbe kwamba mfumo wangu hauhudumiwi tena, na nikijaribu kuhamia Windows 11 naambiwa mashine haijatimiza masharti. Fundi mmoja amenishauri niitupe ninunue nyingine. Je, hakuna njia? – Mweka hazina

Jibu: Ndugu mweka hazina, njia ipo, na kuitupa mashine hiyo si mojawapo. Kwanza tuelewane kuhusu kilichokwisha. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na muda wake wa kuhudumiwa bure ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Siku ile hakuna kompyuta iliyozimika. Programu zako za hesabu zilifunguka kesho yake kama zilivyofunguka jana yake, na zitaendelea kufunguka. Kilichokoma ni masasisho ya usalama, yaani vile viraka ambavyo Microsoft huvitoa kila Jumanne ya pili ya mwezi ili kuziba matundu yanayogunduliwa ndani ya mfumo endeshi.

Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Husema, "Mbona mwezi wa tatu sasa sijaona tatizo lolote?" Tundu la usalama halipigi kelele. Isitoshe, Windows 10 na Windows 11 zimejengwa juu ya msingi mmoja na zinachangia sehemu kubwa ya msimbo, hivyo viraka vingi vinavyotolewa kwa ajili ya Windows 11 vinamwonyesha mdukuzi mahali pa kuchungulia kwenye Windows 10 isiyozibwa. Kadiri miezi inavyopita ndivyo matundu yanayojulikana na kuachwa wazi yanavyoongezeka.

Mfano wa jambo hili tunao. Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150, ikifunga faili za watu na kudai malipo ya bitcoin ili izifungue. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. Wenye Windows XP, ambayo huduma yake ilikoma tarehe 8 Aprili 2014, walikuwa katika hali mbaya zaidi, kwani kwa mtumiaji wa kawaida kiraka hicho hakikuwapo kabisa hadi Microsoft ilipokitoa kwa dharura baada ya shambulio kuanza. Wewe unatunza fedha za watu, na daftari lao limo ndani ya mashine hiyo, kwa hiyo nakuomba sana usilichukulie jambo hili kuwa la kesho.

Kuhusu kukataliwa na Windows 11, kasi ya kompyuta yako haihusiki. Mfumo huo, uliotoka tarehe 5 Oktoba 2021, unadai chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, uwezo wa kuwaka kwa njia salama unaohakiki kwamba kinachoanza kuendeshwa hakijachezewa, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) isiyopungua GB 4, nafasi ya diski ya GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel orodha hiyo, ukiacha prosesa chache sana, inaanzia kizazi cha nane. Prosesa yako ya kizazi cha sita imebaki nje ya mlango huo hata kama bado ina nguvu za kutosha kwa kazi zako zote.

Wasomaji wengine wenye kompyuta za mwaka 2018 na kuendelea wasikate tamaa mapema wakipewa jibu kama lako. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, kisha bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka litakuonyesha kama chipu ipo na ni ya toleo gani. Ikisemwa haipo, mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye mipangilio ya bodi kuu, ambako kompyuta zenye prosesa za Intel huiita PTT na zile za AMD huiita fTPM. Lakini kabla hujagusa chochote humo, hakikisha unao ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 wa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski) ikiwa diski yako imefungwa kwa usimbaji. Kubadilisha mipangilio hiyo kunaweza kuifanya kompyuta ikudai ufunguo huo papo hapo, na bila huo hutaziona faili zako tena.

Turudi kwako. Microsoft imeweka mpango wa nyongeza unaowapa watumiaji wa nyumbani viraka vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta iwe na toleo la 22H2, kisha ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya masasisho, utafute kiungo cha kujiandikisha. Masharti yake, na kama utalipia au la, hutegemea mahali ulipo na kama unakubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Mpango huu unakununulia muda wa kujipanga, basi. Ziko pia mbinu za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyoruhusiwa, na wapo wanaozisifu, lakini Microsoft imesema wazi kwamba haitoi hakikisho la masasisho kwa mashine hizo. Kwa kompyuta ya kuangalia filamu ningenyamaza, ila kwa hesabu za kikundi sikushauri. Tumia muda wa nyongeza kufanya jaribio la Linux, mfumo endeshi mwingine usiolipiwa, ninalolieleza kwenye jibu la tatu hapa chini, na leo hii, kabla ya kesho, nakili daftari la kikundi kwenye diski ya nje na uiweke mbali na kompyuta yenyewe.

Swali: Kompyuta yangu inachukua zaidi ya dakika nne tangu kuiwasha hadi niweze kufungua kivinjari. Nimeshaondoa programu nyingi bila mafanikio. Muuzaji ananiambia niongeze RAM. Nimwamini? – Mchoshwa na kusubiri

Jibu: Usinunue kitu kabla ya kupima. Ukishawasha kompyuta, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la Task Manager, na juu ya safu zake utaona asilimia za matumizi ya prosesa, RAM na diski. Tazama safu hizo kwa dakika mbili nzima bila kugusa kitu.

Niliwahi kuletewa kompyuta yenye malalamiko kama yako. Prosesa ilisoma asilimia 6, RAM asilimia 45, na diski asilimia 100, ikiganda hapo kwa dakika nyingi mfululizo. Nilipoinamisha sikio karibu na upande wa kulia wa kibodi, nilisikia mkwaruzo mdogo wa haraka usiokatika, kama kucha inayokuna bati. Ilikuwa sauti ya mkono wa diski ya kuzunguka ukikimbia huku na huko kutafuta vipande vya faili.

Diski ya namna hiyo kwenye kompyuta mpakato kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, ambayo ni mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi. Kila ombi la kusoma faili linasubiri mkono ufike kwenye njia yake, kisha linasubiri sahani izunguke hadi kipande kinachotakiwa kipite chini ya mkono huo. Jumla inakaribia milisekunde 15, hivyo diski haiwezi kujibu zaidi ya maombi 60 au 70 yaliyotawanyika kwa sekunde. Windows inapowaka hupeleka maelfu ya maombi ya aina hiyo. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Husoma kutoka kwenye chipu, na hata ya kawaida hujibu makumi ya maelfu ya maombi kwa sekunde.

Kompyuta ile tulifungua skrubu za chini, tukatoa diski ya zamani ya inchi 2.5, tukaweka SSD ya umbo lilelile na kuunakili mfumo wote kama ulivyokuwa. Kuwaka kukashuka hadi chini ya nusu dakika, na hatukuongeza hata GB moja ya RAM. Nakushauri ufanye vivyo hivyo ikiwa safu ya diski ndiyo inayoganda. Ikiwa safu inayoganda ni ya RAM, ikapita asilimia 85 hata ukiwa umefungua programu zako za kila siku tu, muuzaji wako amesema kweli. Lakini muulize kwanza kama kompyuta yako ina nafasi ya kuongeza, maana mashine nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki kamwe.

Swali: Mimi ni mwalimu. Nimesikia kwamba kompyuta zilizokataliwa na Windows 11 zinaweza kutumia Linux bila malipo. Je, ni kitu cha mtu wa kawaida au ni cha mafundi? Na hili jina Ubuntu limetoka wapi? – Mwalimu

Jibu: Mwalimu, naanza na jina kwa sababu linatuhusu. Ubuntu ni neno linalotumika katika Kizulu na Kixhosa lenye maana ya utu, na shina lake ni ndugu wa shina la maneno yetu mtu, watu na utu. Aliyelichagua ni Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, alipoanzisha mfumo huo ambao toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Kiini chake, Linux, kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Ikiwa simu yako ni ya Android, basi kiini hichohicho unakitumia kila siku bila kukitaja.

Je, ni kitu cha mtu wa kawaida? Kwa kuvinjari intaneti, barua pepe, kuandika na kutazama video, ndiyo, na nasema hivyo bila kusita. Kwa mtu anayetoka Windows mimi humwelekeza kwenye Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, kwa kuwa mpangilio wa menyu na upau wake wa chini haumpotezi mgeni. Matoleo ya Ubuntu ya huduma ndefu hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na kila moja huhudumiwa kwa miaka mitano, kwa hiyo toleo la 24.04 linakuchukua hadi mwaka 2029.

Lakini usifute Windows siku ya kwanza. Chukua flashi ya GB 8 au zaidi ambayo huna haja na vilivyomo, maana vyote vitafutika. Pakua faili ya mfumo kutoka tovuti rasmi, kisha uiandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Kuiburuta faili hiyo ndani ya flashi hakutoshi, na hilo ndilo kosa la wanaoanza. Iwashe kompyuta huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia, ambacho kwa kompyuta nyingi ni F12, F9 au Esc. Mfumo mzima utafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako.

Ukiwa hapo, jipe muda wa kupima kila kitu. Unganisha Wi-Fi. Cheza sauti, kisha uchomeke visikizi uone kama sauti inahama. Fungua kamera. Funga kifuniko, usubiri dakika tano, ukifungue uone kama kompyuta inaamka vizuri. Chapisha karatasi moja kwenye printa yako. Mwishowe fungua mtihani uliowahi kuutunga kwa Word ukitumia LibreOffice, programu ya kuandikia inayotumika kwenye Linux, uangalie kwa makini majedwali na milinganyo, kwa sababu maandishi ya kawaida hufika salama lakini vitu hivyo viwili huweza kusogea. Ikiwa unategemea faili za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili), au programu ya kazini ambayo imetengenezwa kwa Windows peke yake, hapo Linux itakukwaza, na ni heri ulijue kabla ya kuhama kuliko usiku wa kuamkia siku ya mtihani.

Swali: Nimenunua diski ya GB 500, nilipoichomeka kompyuta inasema GB 465. Nimeibiwa? – Mteja

Jibu: Hukuibiwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows inagawanya kwa 1,024 mara tatu, ambayo ni baiti 1,073,741,824 kwa kila GB. Gawanya bilioni 500 kwa namba hiyo utapata 465 na ushee. Apple iliacha hesabu ya pili kwenye kompyuta za Mac mwaka 2009, ndiyo maana diski hiyohiyo ukiichomeka kwenye Mac itasoma 500. Ningependa Windows nayo ibadilike, kwani barua kama yako huja kila mara.

Swali: Shikamoo mhariri. Naanza chuo na wazazi wangu wamekubali kuninunulia kompyuta mpya. Rafiki zangu wanasema nisinunue isiyo na akili mnemba kwa kuwa itapitwa na wakati. Naomba ushauri. – Mwanafunzi

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera. Kompyuta zinazotangazwa kwa jina hilo zina sehemu ya ziada ndani ya prosesa iitwayo NPU, iliyotengenezwa kwa hesabu za akili mnemba pekee. Microsoft ilipotangaza daraja la Copilot+ Mei 2024 iliweka kiwango cha NPU yenye uwezo wa operesheni trilioni 40 kwa sekunde, RAM ya GB 16 na hifadhi ya GB 256.

Rafiki zako wamechanganya mambo mawili. Ukifungua ChatGPT au huduma nyingine ya namna hiyo kwenye kivinjari, hesabu hazifanyiki kwenye kompyuta yako. Swali lako husafiri hadi kwenye seva za kampuni husika, likajibiwa huko, na jibu likarudi. Kompyuta ya mwaka 2015 ingefanya hivyo sawasawa. NPU inafaa kwa kazi zinazofanyika ndani ya mashine yenyewe, kama kufifisha mandhari ya nyuma wakati wa mkutano wa video, kuandika manukuu ya sauti papo hapo, au kipengele cha Recall kinachopiga picha za skrini yako ili ukumbushwe ulichokiona. Hicho cha mwisho kilizua malalamiko makubwa ya faragha hadi Microsoft ikakiahirisha na kukifanya kiwe cha hiari, na mimi ningekiacha kimezimwa.

Kwa hiyo fedha za wazazi wako zielekeze kwingine: RAM ya GB 16, kwa sababu huenda usiweze kuiongeza baadaye; SSD ya GB 512; skrini isiyokuumiza macho; na kibodi uliyoijaribu kwa vidole vyako mwenyewe kwa kuandika ukurasa mzima, si maneno mawili. Ikiwa mashine yenye sifa hizo ina NPU, ichukue. Ikiwa haina, usihuzunike.

Swali: Nampa mdogo wangu kompyuta yangu ya zamani. Nimefuta picha na nyaraka zangu zote na kumwaga pipa la taka. Inatosha? – Dada mkubwa

Jibu: Haitoshi, dada. Ukifuta faili kwenye diski ya kuzunguka, kinachoondoka ni kumbukumbu ya mahali ilipo. Faili yenyewe inabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuirejesha zinapatikana bure. SSD hujisafisha haraka zaidi, lakini usiitegemee hali hiyo kwa vitambulisho na taarifa za benki.

Nakili kwanza vyote unavyovihitaji, kisha ufungue angalau picha tano kutoka kwenye nakala hiyo, kwenye kompyuta nyingine, uone kama zinafunguka kweli. Baada ya hapo nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya urejeshaji, uchague kuiweka upya kompyuta na kuondoa kila kitu. Usikubali haraka chaguo la kwanza utakaloonyeshwa. Bofya kubadilisha mipangilio na uwashe lile la kusafisha diski. Kwenye diski ya kuzunguka kazi hiyo huweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo ianze usiku, chaja ikiwa imechomekwa, na usiizime katikati. Asubuhi ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kutoka kwenye simu, uiondoe kompyuta hiyo kwenye orodha ya vifaa vyako, ndipo umkabidhi mdogo wako.